Usukani Mombasa, Nguruwe Shirere

Dereva wa trela kutoka Kakamega anasimulia jinsi anavyofuga nguruwe wa kuuza akiwa barabarani wiki mbili kwa wakati mmoja, na jinsi meseji moja ya uongo ilivyombadilisha.

Tangu nipakie kontena Mombasa hadi nishike mlango wa nyumba yangu Shirere huwa ni siku kumi, na foleni ya Malaba ikikataa kusonga zinafika kumi na nne. Nikiwa na bahati, narudi na lori tupu, bosi ananiruhusu nipaki Webuye usiku mmoja, nachukua matatu ya Kakamega. Ni kilomita arobaini hivi. Nalala nyumbani, asubuhi naonja chai ya mama watoto, naingia bandani kuangalia nguruwe, kisha narudi kwa usukani.

Watu huniuliza, sasa wewe unafuga saa ngapi? Jibu la kweli ni kwamba mimi sifugi. Anayefuga ni mke wangu na ndugu yangu mdogo. Mimi nalipa, nahesabu siku, na napiga simu nyingi sana. Kazi yangu yote katika ufugaji huu hupitia kwenye simu, kwa hivyo ikaharibika pia kupitia simu. Nitaeleza.

Kwa nini nguruwe? Ploti yetu ni ya hamsini kwa mia, na nyumba iko ndani yake. Shirere si kijijini tena, majirani wako ukutani. Ng'ombe angetaka nyasi ambayo sina. Kuku wa broila ni wa wiki tano au sita tu, lakini wiki moja stima ikipotea usiku au mtu akisahau maji, umelia. Nguruwe anavumilia. Anakula kile ulicho nacho, matawi ya viazi vitamu, mabaki ya mboga, mradi umpe pia chakula cha kumnenepesha, na akifika miezi sita hivi ukimlisha vizuri yuko tayari kwa mchinjaji. Harufu ndiyo shida. Jirani yangu mmoja ni Muislamu na nilienda kwake kabla ya kuchimba msingi, tukakubaliana banda likae upande wa pili na sakafu iwe ya simiti yenye mteremko ili ioshwe kila siku. Hilo lilinigharimu zaidi kuliko mabati. Lakini tunasalimiana mpaka leo.

Hesabu bila kujidanganya

Ukisikia mtu anakwambia nguruwe ni utajiri wa haraka, muulize bei ya polad. Nitaweka hesabu yangu hapa jinsi ilivyo. Kitoto cha miezi miwili nakihesabu 3,500, hata kama kimezaliwa kwangu, kwa sababu ningeweza kukiuza siku hiyo. Kutoka hapo mpaka auzwe anakula kama kilo 220 za chakula, na nikichanganya wenyewe maize jam, polad, soya na omena kidogo, kilo inanitoka kama shilingi 40. Hiyo ni 8,800. Dawa ya minyoo na daktari weka 500. Ndugu yangu namlipa, na kwa kila mnyama inatoka 1,500. Jumla 14,300. Nikiuza 17,000, nimebaki na 2,700 kwa nguruwe mmoja.

Si pesa nyingi. Ila nikiwa na wanane kwa awamu moja, na awamu mbili kwa mwaka, karo ya muhula inapungua makali. Na ona mahali pesa inakwenda: zaidi ya nusu ni chakula. Kwa hivyo nikichelewesha chakula wiki mbili, nguruwe anasimama kukua lakini haachi kula, na zile 2,700 zinaisha zenyewe.

Hapo ndipo maisha ya lori yanapogongana na maisha ya banda. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Mileji inaingia vipande vipande, nusu ukipakia, nusu ukishusha. Lakini nguruwe anataka kula kila siku. Mwanzo nilikuwa nikituma pesa nyumbani ikionekana, elfu mbili leo, elfu moja kesho, na huko nyumbani inakutana na unga, sabuni, mtoto ana homa. Siwalaumu, mimi pia ningeinunulia mtoto dawa. Siku nyingine chakula kikiisha nilikuwa napiga Fuliza. Fuliza ni nzuri ukikwama na pesa inaingia kesho. Lakini ada yake inahesabiwa siku kwa siku, na mimi nilikuwa nakaa nayo wiki nzima nikingoja kushusha mzigo. Faida ya nguruwe mmoja ilikuwa inaondoka hivyo, mos mos.

Siku hizi mileji ya kupakia ikiingia, kabla sijatoka Mombasa, nalipa agroveti moja kwa moja kwa till yao. Jina la duka linaonekana kabla sijabonyeza PIN, kwa hivyo nikikosea tarakimu naona. Mwenye duka anapeleka magunia kwa bodaboda, mke wangu anayapokea na kunitumia picha. Pesa ya chakula haipiti tena jikoni. Ile ya kushusha nafungia sehemu kwenye M-Shwari Lock ili nisiiguse pale Salgaa nikiona nyama choma.

Na usifikirie ujanja wa kubeba polad kwenye lori la bosi kwa sababu Eldoret ni bei nafuu. Nililijaribu mara moja, magunia manne tu, bila kuuliza. Kwenye mizani ekseli ilikaribia mwisho na nikatokwa jasho kama mwizi. Bosi akijua umezidisha uzito kwa mizigo yako, hutakuwa na kazi ya kulipia hao nguruwe.

Desemba

Sasa nifike kwa ile meseji.

Ilikuwa Desemba, wiki ya pili, na bei ilikuwa imepanda. Nilikuwa na watano waliokuwa tayari. Broka fulani alifika nyumbani na pikapu, akawaangalia, akakubali 17,000 kila mmoja bila kubishana sana. Hilo pekee lingenishtua. Broka asiyebishana Desemba ni nani? Akamwambia ndugu yangu hana kesh, atatuma kwa simu ya mwenye mali. Ndugu yangu akampa namba yangu.

Mimi nilikuwa nateremka kuelekea Salgaa. Anayejua barabara ile anajua ule mteremko ulivyokula watu. Simu ikalia kwenye dashibodi, nikatupa jicho: umepokea Ksh85,000 kutoka kwa fulani, na kodi ya herufi na namba mbele, kila kitu kama kawaida. Dakika hiyo hiyo ndugu yangu akapiga. "Bro, huyu jamaa anasema ametuma, niwape?" Nikamwambia, "Wape, imeingia." Yote hayo mkono mmoja kwenye usukani na kontena nyuma yangu. Kushika simu ukiendesha ni kosa kisheria, na pale kwenye mteremko ni zaidi ya kosa. Hiyo sehemu bado inanitisha kuliko pesa.

Nilisimama kunywa chai. Nikaona ni vizuri nimtumie mke wangu elfu tano za Krismasi. Salio halitoshi. Nikarudia. Halitoshi. Nikafungua ile meseji tena na ndipo nikaona ilitoka kwa namba ya kawaida, 07 na kuendelea, si kwa MPESA. Mtu aliiandika kwa kidole chake. Nilipopiga ile namba ilikuwa imezimwa.

Niliripoti, nikapewa OB namba. Nguruwe watano hawakuonekana tena. Elfu themanini na tano, na Januari inakuja na karo.

Lakini lililoniumiza zaidi nililifanya mwenyewe. Nilimshuku ndugu yangu. Nilimwambia kwa simu, mbele ya tanboi wangu, kwamba lazima alikuwa anamjua yule broka. Aliondoka nyumbani kwetu akaenda kwa shangazi yetu Mumias, akakaa huko miezi miwili. Mama watoto ndiye aliyeniuliza swali rahisi: "Baba, ni nani alisema wape?" Nilienda Mumias mwenyewe, siku yangu ya pekee ya kupumzika, kumwomba msamaha. Mama yetu angekuwa hai angenichapa.

Tunavyouza sasa

Mke wangu alijisajili Pochi la Biashara kwenye laini yake, kupitia *334#. Mnunuzi analipa hapo, akiwa amesimama bandani. Ujumbe ukiingia, mke wangu haangalii ujumbe tu. Anaangalia salio la pochi. Pesa ikiwa ndani, kamba inafunguliwa. Isipokuwa ndani, chai ipo, tunangoja. Mnunuzi wa kweli hajawahi kukasirika na hilo. Aliyekasirika alikuwa mmoja, aliondoka na pikapu yake tupu, na sikumsikitikia.

Kwa nini yeye na si mimi? Kwa sababu yeye yuko nyumbani na mimi niko barabarani. Mtu anayethibitisha pesa lazima awe pale mnyama alipo, macho yakiwa kwa simu na si kwa barabara. Hata mimi nikipiga na kusema imeingia, neno langu halihesabiki. Tulikubaliana hivyo, na mara moja amenikatalia kweli, nikanyamaza.

Pochi ina jambo lingine nililopenda. Pesa uliyotumiwa kwa namba ya kawaida, aliyetuma anaweza kuomba irudishwe kwa kupeleka ujumbe kwa 456, akidai alikosea. Hiyo huduma ni nzuri, imenisaidia mimi mwenyewe siku nilipokosea tarakimu moja. Lakini kuna wajanja wanaolipa, wanabeba mnyama, kisha wanadai walikosea. Kwenye Pochi pesa hairudi bila mwenye biashara kukubali.

Pia kuna ile simu ya kilio: "Madam, nimekutumia kwa makosa, nirudishie, mtoto yuko hospitali." Mke wangu anajibu kwa upole kwamba atume kwa 456 kama watu wote. Hatumi yeye kitu. Na meseji za uongo tunazipeleka kwa 333. PIN yake siijui, yangu haijui, na hatujawahi kugombana juu ya hilo.

Mwisho wa awamu tunatoa statement ya pochi na kukaa nayo mezani, mimi, yeye na ndugu yangu. Hapo ndipo tulipogundua tulikuwa tunalipa bodaboda wa chakula zaidi ya daktari.

Viatu na makombo

Kuna kitu madereva wanaofuga lazima wasikie. Mimi nilikuwa nikibeba makombo ya hoteli za barabarani kwenye ndoo, mifupa na mabaki ya nyama ya nguruwe yakiwemo, napelekea wanyama. Nilijiona mwerevu. Daktari wa mifugo alipoona ile ndoo alikaa chini. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, inaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na virusi vyake hukaa kwenye nyama na kusafiri kwa viatu, magari na ndoo kama yangu. Mtu anayelala Mtito Andei leo na Malaba wiki ijayo ndiye gari bora la huo ugonjwa. Sasa ndoo haiko. Viatu vya lori haviingii bandani, kuna gambuti mlangoni na beseni la dawa. Broka pia anakanyaga beseni au anaangalia wanyama kutoka nje. Na nguruwe wanaoondoka wanaondoka na permit ya afisa wa mifugo, hata mnunuzi akiharakisha.

Kitu cha mwisho ni kalenda. Nguruwe jike hubeba mimba siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ni hesabu ambayo hata dereva anaweza kukumbuka. Jike wetu wa kwanza alizaa usiku nikiwa kwenye foleni ya Malaba. Mke wangu alishika tochi ya simu na ndugu yangu alitoa vitoto chini ya mama yao mmoja mmoja asije akavilalia, kumi na moja, huku mimi nikisikiliza kwa spika bila la kufanya. Tisa walipona. Tangu hapo naandika siku ya dume kwenye daftari la lori, kando ya kilomita.

Jike mweusi yuko siku ya 96. Nikipakia kesho na Malaba isinichezee, nitakuwa Webuye siku ya 108, na nimeshamwomba bosi siku nne. Ndugu yangu ameshaweka nyasi kavu pembeni. Nisipofika, tochi iko kwenye chaji.