Filta za koni: zinaongeza nguvu ya gari kweli? Soma kabla hujaagiza mzigo

Leo nawaletea kilichonikuta mimi mwenyewe, hasa kwa wenzangu wa vipuri na urembo wa magari.

Mwaka juzi nilichukua filta za koni 30, pamoja na vile vifeni vidogo vya bati vinavyochomekwa kwenye bomba la hewa. Muuzaji wa jumla akanipa maneno: nguvu inaongezeka, mafuta yanapungua. Na mimi nikayapeleka hivyo hivyo kwa wateja. Haukuisha mwezi, dereva mmoja wa taksi mwenye IST akarudi na koni yake, tena duka limejaa watu. "Bosi, gari imekuwa nzito mlimani, na taa ya injini inawaka." Nikamrudishia 45,000 yake. Iliniuma, ndio nikaanza kukaa na mafundi na kusoma.

Iko hivi. Injini ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kuchoma kilo 1 ya mafuta. Ukiingiza hewa nyingi zaidi unachoma mafuta mengi zaidi, nguvu inapanda. Hapo muuzaji hajadanganya. Lakini je, filta ya kiwandani inabana hewa? Injini ya cc 1,500 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta karibu lita 4,500 za hewa kwa dakika hiyo, na boksi la filta la kiwandani limetengenezwa kwa kazi hiyo. Sasa nani anafika 6,000 kwenye foleni ya Buguruni? Kwa mwendo wa kawaida kinachobana hewa ni throto, kile kibamba kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Kuweka koni hapo ni kama kununua bomba pana wakati koki umeifungua robo.

Kuhusu mafuta, maabara ya Oak Ridge ya Marekani mwaka 2009 ilipima magari ya kisasa ya petroli yakiwa na filta zilizoziba. Ulaji wa mafuta haukubadilika. Kilichoharibika ni gari kuchelewa kuchanganya. Kama filta iliyoziba haiongezi ulaji, koni mpya itaupunguzaje?

Halafu kuna joto, na hapa ndipo wengi tunapigwa. Koni ikikaa wazi chini ya boneti inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Nje kukiwa nyuzi 30 na ndani ya boneti 60, unapoteza karibu asilimia 9 ya hewa. Bomba la kiwandani kwenye magari mengi huchukua hewa ya mbele, mbali na joto hilo. Kwa hiyo yule dereva hakuwa anasingizia. Ile taa nayo: koni yake ilikuwa ya kupakwa mafuta, yakarukia sensa ya hewa. Fundi aliisafisha, ikazima.

Vifeni ndio kabisa. Ni kizuizi umekiweka katikati ya njia ya hewa.

Sisemi koni haina kazi popote. Gari ya turbo iliyoongezwa nguvu na kompyuta yake ikarekebishwa, au bomba lenye boksi lake linalovuta hewa ya nje, unaweza kupata nyongeza kidogo kwenye mizunguko ya juu. Na sauti inabadilika, hilo halina ubishi. Vijana wengi wanafuata sauti hasa.

Kwa hiyo siku hizi koni naagiza 5 tu, na naiuza kama sauti. Akija dereva wa taksi analalamika gari nzito, namuuliza kwanza filta yake ameibadilisha lini. Mara nyingi anatoka na filta ya kawaida, bei ndogo, na baada ya miezi anarudi kuchukua nyingine. Yule wa IST mwenyewe sasa ananunulia kwangu na plagi.

Vifeni 11 vilivyobaki viko kwenye boksi chini ya kaunta. Hasara nimeshaiandika kwenye daftari.