Jyoti Basu na Utii kwa Chama

Tangu 1977 hadi 2000, Ndugu Jyoti Basu aliongoza serikali ya jimbo la Bengal Magharibi, India. Nguvu yake ilitoka vijijini: kuanzia 1978 wakulima zaidi ya milioni moja, waliolima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, waliandikishwa ili wasifukuzwe ovyo. Ardhi yenyewe, tukumbuke, ilibaki ya mwenyewe.

Mwaka 1996 muungano wa vyama ulimtaka awe Waziri Mkuu wa nchi nzima. Kamati Kuu ya chama chake cha Kikomunisti ilikataa: wabunge wake walikuwa wachache mno kuamua siasa ya serikali. Basu alitii. Baadaye alitamka waziwazi kuwa lile lilikuwa kosa la kihistoria, wala hakukihama Chama.