Zawadi ya Mja Mzito na Duka la Mtaani

Hafla ya kumpongeza mja mzito kabla ya kujifungua, ambayo vijana wetu huiita bebi shawa, imekwisha kuingia katika majumba yetu ya pwani. Kwa desturi ya wazee wetu, zawadi zilikuja baada ya uzazi. Majirani wakienda kumtazama mzazi, huyu na sabuni, yule na leso, mwingine na chochote cha kumtilia mtoto mkononi. Hatukusudii kuipiga vita hafla hii mpya, maadamu ina staha na haina israfu, kwani kumfurahisha mwanamke aliyeelemewa na mimba ni wema. Tunalotaka kulizungumza ni zawadi yenyewe: iwe ya namna gani, na inunuliwe wapi.

Wazee walikuwa na hekima yao katika kungoja. Mimba ni amana, na mwisho wake haujui ila Mwenyezi Mungu. Wamo miongoni mwetu kina mama waliorudi kutoka hospitalini mikono mitupu, wakafungua mlango wa chumba wakakutana na viatu vidogo, kofia ndogo na kitanda kilichokwisha kutandikwa. Hapo maneno ya kufariji huwa mafupi, na vitu vile huwa vigumu kuvitazama na vigumu kuvitoa. Kwa sababu hii tunaona kuwa zawadi inayotangulia uzazi ni bora iwe ya mama mwenyewe, na zile za mtoto zingoje siku ya saba, siku ya akika, au arubaini.

Zawadi ya mama haina ugumu kuipata. Ya kwanza ni leso. Anayekwenda Mtaa wa Biashara, Mombasa, atayakuta maduka ya leso yamepangana, na muuzaji atamkunjulia doti baada ya doti bila ya kuchoka. Leso ya pamba ndiyo imfaayo mzazi: hufyonza jasho, hustahimili kufuliwa kila siku, na kila ifuliwapo huzidi ulaini. Atajitanda, atamfunika mtoto, atambebea, na nyingine itamfaa kwa mkaja wa kufunga tumbo. Si bure kwamba hata zawadi apewayo mama wa bibi arusi huitwa mkaja. Ni kumbukumbu ya siku alizojifunga kitambaa baada ya kumzaa binti huyo. Ila tahadhari: kabla ya kulipa, lisome jina la leso. Zimo zilizoandikwa dua na upendo, na zimo zenye mafumbo ya kugombanisha mawifi.

Baada ya leso, kapu la ukili litajazwa kwa vitu vya siku arubaini: pilipili manga ya kutilia uji, mafuta ya nazi, sabuni isiyo na manukato makali, tende, na udi wa kufukizia nguo za mama, moshi wake usimfikie mtoto. Asali ni zawadi njema kwa mama, lakini mtoto asilambishwe kabla ya kutimiza mwaka 1, kwani yaweza kuwa na vijidudu vya kumdhuru. Wanja nao uachwe dukani, kwa kuwa baadhi yake una risasi. Chupa na maziwa ya kopo pia hayafai kuwa zawadi: madaktari wanahimiza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti utangazaji wa bidhaa hizo.

Ama kuhusu mahali pa kununua, tunalipendelea duka dogo la mtaani, na si kwa kumhurumia mwenye duka. Muuzaji wa mtaani huijua nyumba unayoipelekea zawadi. Atakwambia kuwa mashuka yamekwisha kununuliwa na shangazi mtu, au kwamba chumba ni kidogo na beseni kubwa halitapata pa kukaa. Tena unaweza kuagana naye kabla ya kulipa kwamba kisichofaa kirudishwe au kibadilishwe. Sharia yetu inaitambua khiyari ya mnunuzi, na muuzaji anayekubali kurudishiwa bidhaa kwa moyo mkunjufu ana fadhila kubwa. Mapatano hayo yataje muda, na yasemwe waziwazi, ili kusizuke ugomvi.

Lakini duka hilo hilo lina daftari la deni, na hapa ndipo penye moyo wa maneno yetu. Katika hafla nyingine zawadi hufunguliwa mbele ya watu na jina la mtoaji hutangazwa. Matokeo yake, mmoja huchukua kwa deni asichoweza kukilipa, na mwingine, pengine mama mdogo aliyemlea mja mzito huyo, hujisingizia homa akabaki kwake. Hafla iliyokusudiwa kuunga jamaa imekwisha kuwakata. Mtume (S.A.W.) alitukataza kuidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Basi zawadi zipokewe kimya na zifunguliwe faraghani. Na wasio na uwezo wachange watano wanunue doti moja nzuri, au mtu ajitolee kumfulia mzazi nguo wiki nzima. Hiyo nayo ni zawadi, na wapo wazazi watakaoitamani kuliko vyote vilivyomo kapuni.

Mola awajaalie kina mama wetu wajifungue salama, na awape watoto wenye afya na kheri. Amin.