Radi ikinguruma, usikae nyuma ya pikapu

Msimu wa mvua ukifika, utawaona kila barabara ya kwenda sokoni: vijana wameketi juu ya magunia ya viazi nyuma ya pikapu, wamejifunika turubai, gari linakimbizana na mawingu. Huenda wewe ni mmoja wao. Umepata lifti ya bure, ama kazi yako ni kupakia na kupakua mizigo. Sasa jiulize: radi ikipiga gari hilo, nani atapona?

Wengi watakwambia usijali, ati magurudumu ni ya mpira na mpira haupitishi umeme. Si kweli. Radi imeshapasua kilomita kadhaa za hewa kabla ya kukufikia. Mpira wa sentimita chache hauwezi kuizuia.

Kinachomwokoa dereva ni bodi ya chuma. Mnamo 1836, mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba umeme ukipiga sanduku la chuma hupita kwa nje, na aliye ndani haguswi. Dereva aliyefunga madirisha, asiyeshika chuma wala simu iliyo kwa chaji, yuko ndani ya sanduku hilo. Wewe uliye nyuma huna paa. Kichwa chako ndicho kilele cha gari, na turubai si kinga.

Wakazi wa Kisii, Kakamega na Kericho wanajua jinsi anga inavyobadilika ghafla alasiri. Kwa hivyo jifunze kuhesabu. Ukiona mwanga, anza: moja, mbili, tatu. Kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni kama kilomita moja. Usipofika 30, uko hatarini. Mwambie dereva asimame, mbanane naye mbele. Kama hakuna nafasi, ingia kwenye jengo imara lililo karibu na uiache lifti iende. Bosi atanuna, lakini kesho atakupata ukiwa hai.

Usikimbilie chini ya mti wala kwenye kibanda cha kando ya barabara. Novemba 2024, watu 14 walifariki katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, radi ilipowapata wakiwa wamekusanyika kwa maombi. Kuwa chini ya paa pekee hakutoshi. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo uendelee na safari.

Na gari likipigwa? Radi inaweza kupasua tairi na kuchoma nyaya, moto ukaanza taratibu chini ya boneti. Mkiona moshi, dereva asimamishe gari, azime injini, kisha nyote mtoke na mwende mbali. Msifungue boneti, hewa itauchochea moto.

Kuna cheche nyingine ambayo haingoji mvua. Pikapu nyingi zimetandikwa plastiki huko nyuma. Mtungi wa petroli ukiwa juu ya plastiki hiyo, umeme tuli unaozalishwa mafuta yanapomiminwa hukosa njia ya kufika ardhini. Cheche moja inatosha kuwasha mvuke wa petroli. Kwa hivyo ukitumwa mafuta, teremsha mtungi, uuweke chini kabisa, kisha mhudumu ajaze polepole mdomo wa bomba ukigusa mtungi. Ni kazi ya dakika moja tu.

La mwisho. Mwenzako akipigwa na radi, usiogope kumgusa. Mwilini mwake hamna umeme uliobaki. Msogeze mahali salama, piga 999 au 112, na kama hapumui, anza kumkandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka bila kukoma hadi usaidizi ufike. Wengi hufa kwa sababu moyo umesimama, na walio karibu wamesimama pia, wakitazama.