Mshale wa Mafuta Usemao Uongo

Wenye Land Rover Series III, magari yaliyoundwa kati ya 1971 na 1985, hutulalamikia kwamba mshale wa mafuta hauaminiki. Kuishiwa mafuta usiku barabarani, watoto wamelala nyuma, si jambo la mzaha. Wala si lazima geji mpya inunuliwe.

Ndani ya tangi mna senda, nayo ni boya lililoshikamana na mkono unaoteleza juu ya waya wa ukinzani. Tangi likiwa tupu ukinzani ni mkubwa. Likijaa hupungua, umeme hupita kwa wingi, na mshale hupanda. Waya wa kijani wenye mstari mweusi ndio uendao kwenye geji. Mweusi mtupu ni wa ardhi, hufungwa kwenye chesisi.

Kabla ya kuilaumu senda, zimeni ufunguo, chomoeni ule waya wa kijani, ncha yake iunganisheni na chesisi, ndipo mfungue ufunguo. (Tusigusishe waya wenye umeme karibu na tangi: cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja.) Mshale ukipanda taratibu hadi kujaa, geji na waya ni vizima, zimeni mara moja. Ubaya basi umo katika senda au, mara nyingi zaidi kwa maoni yetu, katika ardhi iliyoshikwa na kutu: chomoeni betri, pigeni msasa mpaka chuma king'ae. Mshale wa joto nao ukipotoka, tazameni kidhibiti volti nyuma ya dashibodi, kwa kuwa geji zote mbili hulishwa nacho.