Kodi ya WhatsApp Uganda: Wateja walipotea kwenye hesabu tu

Malori yakipungua ghafla forodhani, sisi wa mpakani hatusemi soko limekufa. Kwanza tunauliza kama mzigo haujaingia kwa njia za panya. Ndivyo ninavyoitazama kodi ya mitandao ya kijamii nchini Uganda.

Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa atumiaye WhatsApp, Facebook au Twitter. Kufikia Septemba, takwimu za Tume ya Mawasiliano zilionyesha walipaji wamepungua kwa zaidi ya milioni 1.

Je, wote waliacha kuwasiliana? La hasha. Wapo walioshindwa na gharama, lakini wengi walipakua VPN, programu inayomfanya aliyeko Kampala aonekane yuko Ulaya. Aliyehesabu watumiaji kwa nchi aliwakosa, ilhali walikuwa wakiagiza bidhaa kama kawaida.

Kwa hiyo mwenye programu, sawa na mwenye duka, namshauri aulize: anguko lilianza siku gani? Siku hiyo kilibadilika nini: bei, sheria, mtandao au toleo la programu? Limegusa nchi moja au zote? Jumla nayo imeshuka? Kama jumla imesimama palepale, wateja wapo; wamebadili njia tu.

Mwaka 2021 kodi hiyo ilifutwa, ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Huo hukatwa mtu anaponunua kifurushi, na VPN haiukwepi.