Daktari anapokupigia simu badala ya kukuona

Ukipata makazi Skye au kwenye kijiji kingine cha kaskazini mwa Scotland, hospitali kubwa iko Inverness, safari inayoweza kuzidi saa mbili kwa gari. Ndiyo maana mara nyingi utaambiwa daktari atakupigia simu. Usidhani umedharauliwa. Majirani zako waliozaliwa hapo nao wanahudumiwa hivyohivyo.

Simu ya daktari mara nyingi huingia bila kuonyesha namba, kwa hiyo siku hiyo pokea hata usiyoijua. Angalia pia saa: miadi ya saa 10 asubuhi kwa hesabu ya huku ni saa nne yetu, na wengi wamekosa simu kwa sababu hiyo. Kama mtandao unashika dirishani tu, kaa dirishani. Ukipangiwa simu ya video iitwayo Near Me, huhitaji kupakua programu yoyote; unabonyeza kiungo ulichotumiwa. Bando likiwa dogo, omba simu ya kawaida. Unaruhusiwa.

Mkalimani ni bure. Mwombe wakati wa kupanga miadi, si daktari akishapiga: "Swahili interpreter, please." Tafadhali usimpe mtoto wako kazi hiyo. Kuna mambo ya mwili wa mama au baba ambayo mtoto hapaswi kuyabeba, na atayaruka kwa aibu.

Sasa, jambo linalotusumbua zaidi. Kwenye simu daktari haoni mkono wako ulipoweka. "Tumbo linauma" kwetu ni kuanzia kifuani hadi kinenani. Sema ni juu au chini ya kitovu, kulia au kushoto, tangu lini, na kama umetapika. Neno "homa" nalo linapotosha: mmoja anamaanisha mafua, mwingine joto la mwili, mwingine malaria. Eleza unavyojisikia: mwili unachemka, unatetemeka, jasho usiku. Na kama ndani ya mwaka mmoja uliopita ulikuwa Kigoma, Bujumbura, Uvira au kwingineko kwenye malaria, litamke wewe mwenyewe kabla hujaulizwa. Scotland mbu hawaambukizi malaria, na daktari anaweza asiifikirie haraka, ilhali inaweza kukupata miezi mingi baada ya kusafiri. Kipimo chake ni cha damu. Hakifanyiki kwa simu.

Kliniki ikiwa imefungwa na huwezi kungoja, piga 111, usiku au mchana, bila malipo. Kifua kubana, kushindwa kupumua, damu isiyokatika, au uso kupinda ghafla: hiyo ni 999. Hata kama mtandao wako hauna mnara hapo, jaribu tu, maana simu ya 999 hupita kwenye mtandao wa kampuni yoyote inayoshika. Ujumbe mfupi hauna uwezo huo, lakini husaidia pale sauti inapokatikakatika. Ili uweze kuutumia, jiandikishe leo: tuma neno "register" kwenda 999, kisha fuata maelekezo utakayojibiwa.

Simu za mezani nazo zinahamishiwa kwenye intaneti, na umeme ukikatika zinazimika. Kama nyumbani simu ya mkononi haishiki kabisa, iambie kampuni yako ya simu. Inalazimika kukupa njia ya kupiga 999 kwa angalau saa moja umeme ukiwa umekatika.